Kabureta iguswe mwisho: kwa fundi anayeanza

Fundi mgeni akiletewa pikipiki inayozimikazimika kwenye sailensi, yaani injini inaponguruma bila kuvutwa resi, mkono wake huenda moja kwa moja kwenye bisibisi ya kugeuza skrubu za kabureta, kifaa kinachochanganya hewa na petroli. Naujua mkono huo kwa sababu nami nilikuwa nao. Mwanzoni mwa kazi yangu kuna pikipiki ilinitesa siku mbili. Ikiwa baridi ilitulia vizuri. Ikishapata moto, sailensi inapanda yenyewe, na ukivuta resi ukaachia, mngurumo unachelewa kushuka. Nilikaza, nikalegeza, nikaishusha kabureta mara tatu. Siku ya pili, nikiwa nimeinama, vidole vyangu vikaubana ule mpira unaounganisha kabureta na injini, na sauti ikabadilika papo hapo. Mpira ulikuwa na ufa upande wa chini. Hewa ilikuwa inaingia bila kupita kwenye kabureta, na hewa ya namna hiyo huwezi kuipimia kwa skrubu yoyote.

Tangu siku ile kabureta naigusa mwisho. Kwanza natazama chujio la hewa, maana likiziba injini inakosa pumzi na petroli inakuwa nyingi hata kama kabureta haina kosa. Halafu plagi. Halafu tapeti, yaani nafasi za vali, nazo zinapimwa injini ikiwa imepoa kabisa, kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki hiyo na si cha kukisia. Kisha nawasha na kugeuza usukani kushoto na kulia: sailensi ikipanda, waya wa resi umekazwa mno au umepita njia isiyofaa. Hayo yote yakiwa sawa, ndipo bisibisi inatoka.

Endesha pikipiki dakika kama kumi ipate moto, kisha fanyia kazi mahali pa wazi, kwa sababu moshi wa ekzosi una gesi inayoua na haina harufu. Kwenye kabureta nyingi utakuta skrubu mbili. Moja inainua na kushusha sailensi tu. Ya pili, ndogo, ndiyo ya mchanganyiko, na hapa wengi huchanganyikiwa. Ikiwa iko upande wa chujio, kwa kawaida inapitisha hewa: ukiifungua, mchanganyiko unakuwa mwepesi. Ikiwa iko upande wa injini, kwa kawaida inapitisha petroli: ukiifungua, mchanganyiko unakuwa mzito. Usipoijua iliyo mbele yako utakuwa unatibu homa kwa blanketi.

Kabla ya kuibadilisha, ifunge taratibu ukihesabu mizunguko mpaka iguse chini, na uandike hesabu hiyo. Nasema iguse, usiikaze. Ncha yake ni nyembamba, ukiilazimisha inaharibika pamoja na tundu lake, na kabureta hiyo haitatulia tena. Sasa ifungue mzunguko mmoja na nusu hivi, washa, kisha igeuze robo kwa robo. Kila robo, subiri injini ijibu. Kuna mahali mngurumo utapanda na kuwa laini. Ukipita hapo unaanza kukwama. Rudi pale pa ulaini, ishushe sailensi kwa ile skrubu nyingine, kisha rudia tena ya mchanganyiko, kwa kuwa moja ikiguswa huisogeza nyingine. Pikipiki nyingi ndogo za silinda moja hutulia karibu na mizunguko 1,400 kwa dakika. Anayeiweka chini ya hapo kwa kudhani anaokoa mafuta humletea mwenye pikipiki kero ya kuzimikiwa kila anaposimama.

Ukifika pazuri vuta resi kwa ghafla. Injini ikisita au kutaka kuzima, mara nyingi hewa imezidi. Ikipanda kwa uzito na moshi mweusi, petroli imezidi.

Lakini elewa kwamba skrubu hii inatawala sailensi na robo ya kwanza ya resi tu. Kutoka robo hadi robo tatu ni kazi ya sindano, kijiti chembamba kinachopanda na kushuka ndani ya kabureta, na juu ya hapo ni jeti kubwa, tundu kuu la kupitisha petroli. Mtu akilalamika kwamba pikipiki inakunywa mafuta akiwa safarini, robo mzunguko wa skrubu hautamsaidia. Tazama kipini cha sindano, yaani kibanio chake kidogo cha juu, kimekaa kwenye mkato upi. Kipini kikishushwa mkato mmoja, sindano inainuka na petroli inaongezeka. Kikipandishwa, inapungua. Jeti zikiziba, zisafishe kwa dawa yake na upepo, wala usichokonoe kwa waya wa chuma. Ni za shaba, ni laini, na tundu likitanuka kidogo tu hesabu yote imeharibika.

Jambo moja nalisisitiza kwa kila anayejifunza kwangu: usibane petroli kupita kiasi ili kumfurahisha mteja. Injini inahitaji takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu ya petroli ili iungue yote. Ukizidisha hewa sana, injini inachemka, na mwisho wake unaweza kuwa pistoni iliyotoboka. Plagi itakwambia ukweli baada ya safari: rangi ya kahawia nyepesi ni nzuri, masizi makavu meusi ni petroli nyingi, weupe wa chaki ni hewa nyingi na ni hatari, rudishia petroli mara moja.

Matumizi ya mafuta usiyapime kwa sikio. Jaza tangi mpaka alama unayoikumbuka, andika kilomita, mwache mwenye pikipiki aitumie siku zake za kawaida, kisha ijazwe tena mpaka alama ileile. Gawanya kilomita kwa lita zilizoingia. Fanya hivyo mara mbili kabla ya marekebisho na mara mbili baada yake, na kabla ya kuanza hakikisha matairi yana upepo na breki hazishikilii gurudumu. Nimewahi kukuta gurudumu la nyuma halizunguki kwa mkono, na kabureta ndiyo iliyokuwa inalaumiwa.