Mkuu, hivyo vidonge vya adrenali usiviache ghafla (na chupa usitupe)

Mleta uzi, subiri kwanza. Unasema umemeza vidonge vya "kuimarisha adrenali" (zile tezi mbili za juu ya figo) miezi minne, uso umejaa, presha imepanda, kwa hiyo kesho unavitupa na kuhamia ashwagandha, ule mzizi wa tiba asili ya India. Unauliza kama ashwagandha ni bora kuliko magnesiamu, unywe saa ngapi, na kahawa uiache au uendelee nayo. Waliotangulia kuchangia wote wanakupongeza kwa kuacha. Mimi nasema USIVIACHE KESHO. Mwaka juzi nilifanya hivyohivyo, nusura wanangu wagawane viatu vyangu.

Nilikuwa afisa mikopo hapa Dar, kwenye hizo kampuni mnazoziita kausha damu. (Najua. Matusi yenu niliyapokea yote, mengine saa nane za usiku.) Nikawa nalala masaa manne, naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Jamaa niliyesoma naye akanivuta kwenye semina ya hotelini, zile za chai ya bure na shuhuda. Nikashikishwa kile chuma cha mashine ya kupima mwili mzima. Baada ya dakika moja printa ikatema makaratasi: ini limechoka, figo zimechoka, adrenali "zimeishiwa". Mtu mzima, nina shahada ya uhasibu, nimekumbatia kipande cha chuma nikiamini kimeona tezi zilizokaa juu ya figo zangu! Huo "uchovu wa adrenali" ni jina alilolibuni tabibu wa tiba mbadala wa Marekani mwaka 1998, na mabingwa wa homoni hawautambui kama ugonjwa. Ugonjwa wa kweli wa tezi hizo upo, Thomas Addison aliueleza London mwaka 1855, nao hupimwa kwa damu.

Chupa shilingi 180,000. Na balaa lenyewe ni kwamba vilifanya kazi. Wiki ya kwanza tu nguvu zikarudi, nikawa nafuta sahani ya ugali wa watu wawili. Mwezi wa tatu mashavu yamevimba, kazini wananiambia, "Maisha yamekukubali, shemeji anakulisha." Nikavimba kichwa pia. Presha ikagonga 150 kwa 100, nikampigia yule jamaa, akanijibu, "Usiogope, sumu zinatoka." Sumu gani inayotoka kwa kupandisha presha, we mwana hizaya? Hilo swali nilipaswa kumuuliza siku ile, nimelipata nikiwa nimelala chali wodini.

Maana Januari ilifika, ada za watoto wawili, hela ya chupa hakuna. Nikaacha siku hiyohiyo. Siku ya tatu viungo vyote vinauma. Siku ya sita natapika, nikisimama dunia inazunguka. Mafua kidogo tu ya mtoto yakaniangusha bafuni. Hospitali daktari akauliza, "Kuna dawa yoyote unatumia?" Nikajibu hapana. Akaja wa pili, akauliza tena. Hapana. Sikuwa nadanganya, wakuu! Semina nzima tuliimbishwa kwamba hizi si dawa, ni lishe. Basi usiku kucha wakahangaika na mimi: malaria hakuna, dripu inaingia, presha inazidi kushuka, sukari nayo chini. Hilo "hapana" langu ndilo lililotaka kuniua, kuliko hata kuacha kwenyewe.

Asubuhi mke wangu akatoa chupa kwenye mkoba, akiwa ameileta ili nisikose "vitamini" zangu (kumbe zilibaki mbili). Daktari mmoja, binti mdogo kabisa, akaisoma: tezi ya ng'ombe iliyokaushwa, na majani. Akaniangalia usoni. "Baba, ulianza kunenepa lini?" Akachukua damu ya kupima kotisoli, homoni ya tezi hizo, hakungoja hata majibu, akanichoma haidrokotisoni (kotisoli ya sindano) miligramu 100. Kufika mchana nikaomba chai. Majibu yakaja: mikrogramu 1.9 kwa desilita. Kipimo cha asubuhi kikiwa chini ya 3, akasema, hapo hatubishani.

Alivyonifafanulia ni hivi. Kotisoli hutengenezwa na tezi kwa amri ya ubongo. Steroidi (homoni za jamii ya kotisoli, kama zilizojificha kwenye vidonge vyangu) ikiingia kutoka nje, ubongo unaona ipo tele, unanyamaza, na tezi zikikaa wiki kadhaa bila kutumwa zinasinyaa. Ni kama umemrudisha mpishi kwao kwa sababu unaagiza chakula kila siku. Siku huagizi, jikoni hakuna mtu. Yaani dawa ya kuamsha adrenali ndiyo iliyozilaza!

Utasema chupa yako haijaandikwa steroidi. Hata yangu haikuandikwa. Mwaka 2018 watafiti wa Mayo Clinic walitangaza majibu ya vidonge 12 vya aina hii vinavyouzwa Marekani: vyote 12 vilikuwa na homoni ya thairoidi (tezi ya shingoni), na vingi vilikuwa na walau homoni moja ya steroidi. Kwa hiyo hilo la "vya kwangu vimetoka Marekani" lisikupe usingizi.

Kwa hiyo kesho asubuhi nenda hospitali kubwa yenye daktari wa magonjwa ya ndani, chupa mkononi. Mwambie umemeza miezi minne, mwonyeshe uso na picha yako ya zamani, omba kotisoli ya saa mbili asubuhi. Kuacha utaacha, ila yeye ndiye apange unavyoshuka. Mimi nilishuka na prednisoloni, steroidi ya hospitali, vidonge vya bei ya andazi, kidogo kidogo miezi saba. Ukianza kutapika au kuzimia kabla ya hapo, ni dharura, kimbia usiku huohuo. Na ukiulizwa unatumia dawa gani, usije ukasema hapana.

Ashwagandha sijawahi kuigusa, Denmark waliipiga marufuku 2023, waliotumia watakujibu.

Yule jamaa alikuja kuniona wodini na matunda. Na chupa mpya, kwa bei ya ndugu.

Vimebaki vingapi kwenye chupa yako? Vihesabu uandike hapa usiku huu, kabla hujalala.