Kila mtu ana ukurasa wake

Swali lenu la wiki hii ni: "Kazi unayoifanya imekufundisha nini kuhusu kuishi na watu?" Mimi nina duka la mahitaji ya nyumbani hapa Kihonda, Morogoro. Nauza unga, mchele, sukari, mafuta ya kupima, sabuni, vocha na mkaa wa kopo. Jibu langu ni kwamba mtu anadaiwa akiwa peke yake. Mengi niliyojifunza kuhusu majirani, mume na ndugu zangu yametoka hapo.

Duka la mtaani haliendi bila mkopo. Anayesema hakopeshi kabisa, basi yuko stendi ambako wateja ni wapita njia. Huku kwetu watu wanakula kila siku lakini hawalipwi kila siku. Dereva wa bodaboda anapata leo, anatoa hesabu ya mwenye pikipiki, kinachobaki ndicho chakula cha nyumbani. Fundi ujenzi na saidia fundi wanalipwa Jumamosi, kama mwenye nyumba hajaishiwa. Mwalimu na mlinzi wanasubiri mwisho wa mwezi. Mwenye shamba la mpunga anashika fedha ya maana akishavuna, na kabla ya hapo ni kuungaunga. Halafu inakuja Januari, shule zinafunguliwa, na wote hao wanakauka kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo mtu akija kukopa simuulizi atalipa lini. Swali hilo linamsukuma ataje siku yoyote ili mradi apewe unga. Namuuliza, "Hela yako inaingia lini?" Hiyo siku anaijua, hana sababu ya kuibuni, na mimi naiandika kama alivyoitaja. Hela ikichelewa kuingia, anakuja mwenyewe kuniambia, kwa sababu kilichochelewa ni mshahara wake na mimi naelewa hivyo.

Daftari langu ni kaunta buku, na kila mteja ana ukurasa wake. Maduka mengi yanaandika kwa kufuata tarehe: mama huyu sukari nusu, baba yule mafuta robo, wote wamepangana kwenye ukurasa mmoja. Ni rahisi kwa mwandishi. Lakini mtu akija kuangalia la kwake anasoma na la jirani, na kabla ya magharibi mtaa wote unajua nani anakula kwa mkopo. Kwangu ukifunguliwa unaona la kwako tu. Ukimaliza kulipa, napiga mstari ukiwa unaangalia.

Kuna na jambo la bei. Naandika bei ya siku uliyochukua, na hiyohiyo ndiyo utakayolipa. Mwanzoni mwa 2024 sukari iliadimika nchi nzima baada ya mvua za El Niño kuvuruga uzalishaji viwandani. Hata sisi ambao viwanda vya Kilombero na Mtibwa viko mkoani kwetu tuliisaka. Serikali ilitangaza bei elekezi, na huku madukani kilo ilipita shilingi 4,000. Walikuwapo waliokuwa wamechukua sukari kwangu kabla haijapanda, na wenzangu wa biashara wakaniambia niwadai kwa bei mpya, kwa kuwa na mimi nitanunua kwa bei mpya. Sikuwadai hivyo. Niliona nikibadilisha namba iliyokwisha andikwa, hakuna atakayeuamini ukurasa wowote wa daftari lile tena.

Watoto nao wanatumwa sana dukani. Mtoto anakuja na shikamoo yake nzuri: "Shikamoo. Mama amesema umpe unga kilo moja, atakuja kulipa." Nampa, kama mama yake hajafika kikomo tulichokubaliana. Akiwa amefika, nampima nusu kilo, namwambia, "Msalimie mama, mwambie akipata nafasi apite tuonane." Mama anaelewa. Mtoto haelewi, na hapaswi kuelewa. Mtoto wa darasa la pili ukimpa maneno ya deni arudi nayo nyumbani, njia nzima anatembea na aibu ambayo si yake, na kesho yake atataniwa shuleni na mwenzake aliyekuwa amesimama nyuma yake dukani. Hili nalisimamia kuliko yote. Hata msaidizi wangu wa dukani nimemwambia wazi kwamba akimdai mtoto, siku hiyo ndiyo ya mwisho kwake.

Mwenye duka jirani haoni hivyo. Yeye anabandika majina ya wadaiwa mlangoni, kwa kalamu nyekundu. Namheshimu, mtaji wake ni wa mkopo na rejesho halimsubiri mteja. Anasema, "Mama, asiyeona aibu halipi." Na ni kweli wapo waliokuja kulipa siku ileile jina lilipopanda mlangoni. Ila mimi nawaona hao waliolipa wakipita mbele ya duka lake na kwenda kununua kwingine. Amepata elfu nane yake, amempoteza mnunuzi wa kila siku. Na wale ambao kweli hawakuwa nacho hawakulipa, maana jina kubandikwa hakumwekei mtu hela mfukoni. Walichofanya ni kubadilisha njia.

Kubadilisha njia ndiko kunakoniumiza mimi kuliko hela yenyewe. Mtu mlizoea kuulizana habari za asubuhi, ghafla anazunguka uchochoro wa nyuma asikutane na macho yako. Watu husema huyo ana dharau. Mimi nadhani mwenye dharau angepita hapohapo mbele na kukusalimia. Anayezunguka bado anakuhesabu kuwa mtu wa maana kwake.

Kuna mama mmoja mume wake alikuwa mlinzi. Kampuni ilimkalisha miezi bila mshahara. Ukurasa wao ulijaa, na yule mama akaacha kuja. Nilisikia anatuma watu wamnunulie chumvi mbali huko. Siku moja tukakutana mashine ya kusaga. Nikamsalimia, nikamuuliza hali ya mtoto wake mdogo ambaye nilijua alikuwa anaumwa, tukaongea habari ya bei ya mahindi hadi zamu yake ikafika. Deni sikulitaja, na siyo kwamba nilikuwa nimelisamehe. Nilitaka ajue kwamba tunaweza kusimama sehemu moja, mimi na yeye, na hilo deni likiwa palepale.

Alikuja jioni, wakati wa kufunga, na shilingi elfu mbili. Akasema, "Dada, nyingine sina." Nikaandika elfu mbili. Wakaendelea hivyo, elfu moja, mia tano, kuna siku alileta fungu la mchicha tukalikadiria na nikaliandika pia. Mume alipolipwa alikuja yeye mwenyewe kumalizia. Hadi leo familia ile inanunua kwangu, na yule mama ndiye aliyekaa dukani kwangu nilipolazwa.

Sitaki msomaji afikiri kila ukurasa unaisha hivyo. Wapo waliohama usiku. Yupo kijana aliyekuwa na maneno matamu, akachukua hadi kikomo, na simu yake haikupatikana tena. Hasara hiyo ni ya kweli, na kwa duka dogo inauma. Ndiyo maana kuna kikomo, na mgeni wa mtaa anaanza na kidogo. Upole bila kikomo unaua duka, na duka likifa hao majirani wote wanabaki bila pa kukopa. Lakini hata huyo kijana jina lake sijalitangaza. Nikilitangaza, wale wanaolipa wataanza kujiuliza ya kwao nayatangaza lini.

Nayasema haya kwa uchungu zaidi siku hizi kwa sababu ya mikopo tunayoiita kausha damu. Akina mama wengi hapa wameingia. Rejesho likikosekana, wakopeshaji wanakuja kukaa sebuleni kwako, majirani wakiwa mlangoni, na wanaondoka na godoro, televisheni, hata sufuria. Za kwenye simu ni mbaya kwa namna yake. Unapopakua programu inaomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyo kwenye simu yako. Ukichelewa kulipa, inawatumia ujumbe shangazi yako, mchungaji wako, bosi wako. Mimi niliwahi kupokea ujumbe kuhusu mteja wangu mmoja, umemtaja jina na kiasi, unanitaka nimwambie alipe. Nilifuta, sikumwambia yeye wala mtu mwingine. Alikuja dukani siku ile macho yake yamevimba, akinitazama kama anasubiri nianze. Nikampimia sukari yake. Nilikuwa najua amekwisha ulizwa na watu wa kutosha.

Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Wenzetu wa Kenya walikuwa wametangulia: kanuni za Benki Kuu yao za mwaka 2022 zinamkataza mkopeshaji wa kidijitali kumtisha mdaiwa, kumwaibisha mtandaoni au kuwasumbua watu walio kwenye simu yake. Nilifurahi kusikia sheria inasema jambo ambalo sisi wa kaunta tulipaswa kulijua bila sheria. Hata hivyo mtu hakimbilii kausha damu kwa kupenda. Anakimbilia kwa sababu kwa ndugu ameogopa kusemwa, na kwa jirani ameogopa kutangazwa. Tungekuwa tunatunziana siri, nadhani nusu ya hawa wakopeshaji wangekosa wateja Kihonda.

Nimelipeleka jambo hili hadi nyumbani. Mdogo wangu wa kiume alinikopa hela ya ada ya mwanawe. Akachelewa sana kurudisha. Kwenye kikao cha familia, tukichanga kwa ajili ya matibabu ya mama, shangazi akaanza: "Na wewe ya dada yako umeshalipa?" Ukumbi ukanyamaza, kaka yetu mkubwa akamgeukia. Nikasema, "Shangazi, hayo ni yetu mimi na yeye, hapa tumekuja kwa ajili ya mama." Kikao kikaendelea, na mdogo wangu akatoa mchango wake kama wengine. Angeaibishwa siku ile, kikao kijacho asingekuja, na anayepoteza hapo siyo mimi, ni mama yetu ambaye angekuwa na mtoto mmoja pungufu kando ya kitanda.

Na mume wangu pia. Tuna makubaliano ya zamani: kama kuna la kusemana kuhusu fedha, linasemwa chumbani, watoto wakiwa wamelala, wala haliletwi mbele ya wageni kwa kisingizio cha utani. Utani ule ninaujua, nimeusikia kwenye nyumba nyingi: "Muulizeni huyu, mshahara wake anapeleka wapi!" Wote wanacheka, na mmoja kati ya hao wawili usiku halali. Sisi tunagombana kama watu wengine, ila hakuna aliyewahi kusikia hesabu zetu kutoka kwa mmoja wetu.

Liko la msiba, ambalo vijana wanaoanza biashara huniuliza. Huku kwetu, kabla au baada ya mazishi, msemaji wa familia hutangaza kwamba kama kuna aliyekuwa anamdai marehemu, aonane na ndugu. Je, mwenye duka aende? Mimi naenda, lakini siyo siku ile. Nasubiri tanga liondolewe, namwona mzee mmoja wa familia peke yake, namwonyesha ukurasa. Likiwa dogo namwambia hapohapo nimelisamehe, ili wajue marehemu wao hadaiwi, kwa kuwa kwa imani nyingi za hapa jambo hilo lina uzito. Likiwa kubwa tunaongea watalipa vipi. Sijawahi kukutana na familia iliyokasirika kwa kuambiwa kwa staha.

Binti yangu amemaliza kidato cha nne na kwa sasa ananisaidia dukani. Anaona daftari limepitwa na wakati, anataka tuhamishie kila kitu kwenye simu, na amenionyesha programu ambayo inamkumbusha mdaiwa kwa ujumbe siku yake ikifika. Wazo lake ni zuri, hasa la kupata jumla bila kukokotoa. Nimemwekea masharti mawili. Ujumbe uende kwenye namba ya aliyekopa tu, hata kama simu imezimwa wiki nzima. Na simu hiyo ya duka isiachwe juu ya kaunta ikiwa wazi. Amekubali, isipokuwa tunabishana kuhusu wasio na simu za mkononi, hasa mabibi wawili watatu wanaochukua ugoro na sukari. Hao nimesema wabaki kwenye daftari. Tutaanza na wanaolipwa mwisho wa mwezi, maana kurasa zao hazibadilikibadiliki.

Mwenye duka, Kihonda, Morogoro