Muulize Fundi: Ndoo ya tona chakavu

SWALI: Shikamoo fundi. Nina steshenari jirani na chuo hapa Morogoro. Kila nikisafisha mashine za kopi nabaki na unga mweusi wa tona, sasa ndoo imejaa. Mwanangu kasoma kwamba unga huo hutolewa kaboni ya kutengenezea betri. Nikiuchoma kwenye pipa lililofunikwa, kama wachoma mkaa, nitaipata? – Mama wa steshenari

JIBU: Marahaba, mama. Hilo pipa liache kwanza. Ujana wangu niliwahi kufyonza tona iliyomwagika kwa mashine ya kawaida ya vumbi. Mota ikatoa cheche, mfuko ukapasuka puu! Nilikaa wiki mbili sina nyusi. Chembe za tona ni za maikromita (sehemu ya elfu ya milimita) 5 hadi 10 hivi, na vumbi laini hivyo likitimka hewani huweza kulipuka likipata cheche.

Mwanao hakukosea lakini. Tunaita wino, kumbe ni plastiki iliyosagwa, ikachanganywa na masizi laini, nta kidogo, na katika baadhi ya tona, oksidi ya chuma. Chota ncha ya kijiko, weka juu ya karatasi, kisha pitisha sumaku ya spika mbovu kwa chini. Unga ukisimama miiba kama nungunungu aliyeudhika, una chuma, na huenda kikakaribia nusu ya uzito wake. Ukitulia tu, hauna.

Maabara huuoka kwenye tanuri lisiloingia oksijeni, kwa nyuzi joto mamia kadhaa. Kinachobaki, kaboni yenye punje za chuma, wamekijaribu kwenye betri na kapasita (vifaa vya kuhifadhi chaji ya umeme). Ila tona si gogo la mwarobaini. Mti hukuachia mkaa. Plastiki ya tona, mara nyingi ya aina ya stairini, huyeyuka, ikawa mvuke na mafuta, karibu yote. Utabaki na yale masizi ya mwanzo na chuma kama kimo, na moshi mbaya umeshaumaliza kifuani. Kwa ndoo moja, hasara tupu.

Mimi napenda zaidi walivyofanya Craigieburn, Australia, mwaka 2018: tona ya katriji (vile vikasha vya tona) 4,500 ilichanganywa kwenye lami ya barabara, pamoja na plastiki ya mifuko kama 200,000. Pale plastiki yenyewe ndiyo inayotakiwa.

Ndoo yako ifunge ndani ya mfuko mzito, mbali na jiko, umuulize anayekuuzia katriji kama huzipokea zilizotumika. Na msiurudishe kwenye mashine (nawajua!), una vumbi la karatasi, utachafua kopi zote. Mikono nawa kwa maji baridi, ya moto huilainisha ile plastiki ikang'ang'ania.

Jaribu sumaku, kisha niandikie mashine zako ni za aina gani.