Mzee wa Kona Anajibu: Fukueni Matairi Hayo

SWALI: Shikamoo Afande. Sisi ni vijana wa Bombo, wengi wetu waendesha bodaboda. Tumepata kiwanja, tukakodi greda, tukachonga mviringo wa maramu wa kushindania pikipiki, kama mita 300 kwa mzunguko. Tunazungukia kushoto. Kwenye kona zote mbili tumezika nusu matairi ya trekta upande wa ndani ili watu wasikate kona. Juzi mwenzetu alirushwa, akavunjika mguu wa kushoto, naye anaapa gurudumu lake halikugusa tairi. Sasa tumegawanyika. Wengine wanataka matairi yaondoke. Wengine wanasema yakiondoka, kila mtu atapita kwenye nyasi. Tuamulie.
Msomaji, Bombo

JIBU: Marahaba, vijana wangu. Yafukueni kabla hamjawasha tena hata pikipiki moja. Na mwenzenu hasemi uongo. Pikipiki ikilala kwenye kona, goti, kikanyagio na ncha ya usukani huingia ndani ya ukingo kabla ya gurudumu. Gurudumu linaweza kuwa shubiri mbili nje ya alama, na mguu tayari uko juu ya tairi. Tairi la trekta halisogei. Kinachosogea ni mfupa.

Nadhani mliyaona kwenye simu, kwenye viwanja vya vumbi vya Marekani. Kule huwekwa kwa ajili ya magari, ukingo wa ndani usiliwe. Hata hivyo, gari ambalo magurudumu yake yako wazi likigusa tairi la namna hiyo, gurudumu hupanda mpira na gari zima hupinduka. Kama ni hatari kwa mtu aliyefungwa mkanda ndani ya vyuma, sembuse ninyi wenye suruali za jinzi.

Watu wa spidiwei, wanaozunguka mviringo wa udongo kwa pikipiki zisizo na breki, wanne wanne, mizunguko minne, wana mstari mweupe tu upande wa ndani. Ukiuvuka kwa magurudumu yote mawili, umetolewa kwenye mbio hiyo. Wanaomzuia mtu ni mstari na mwamuzi.

Sasa kazi yenyewe. Tafuteni kitovu cha kila nusu duara, mpige kigingi cha chuma na kichwa chake kilingane na ardhi. Hicho msikiguse tena. Kila mkitaka kuchora ukingo, fungeni waya kwenye kigingi, mzunguke nao. Waya, si kamba ya katani. Katani ikilowa inabadilika urefu, na mstari wenu utahama. Kuhama kwa mstari si jambo dogo: ukingo ukisogea ndani mita 1 kwenye kona zote mbili, mzunguko unapungua zaidi ya mita 6. Kwa mizunguko minne ni mita 25. Hapo mshindi mnampataje?

Mstari mchoreni kwa rangi ya maji, juu ya udongo uliomwagiwa maji ukashindiliwa. Utafunikwa na vumbi upesi, kwa hiyo mtu akae tayari na ndoo na brashi kati ya mbio na mbio. Chokaa ya kuchomwa sitaki kuisikia. Ile ambayo haijazimwa kwa maji inakutana na maji ya jicho na kuunguza, na hata iliyozimwa bado ni kali.

Ili mstari uonekane kutoka mbali, kateni tyubu kuukuu, ile ile mnayofungia jerikani. Zikeni vipande vyake kando ya mstari, upande wa nyasi, kimoja kila hatua mbili, kiasi cha shubiri moja kibaki juu, mvipake rangi nyeupe. Vikikanyagwa vinalala na kuinuka. Msiweke mti, wala nondo, wala chupa iliyojazwa mchanga (nimeiona kwa macho yangu, na aliyeiweka alijisifu).

Kila kona ikae na waamuzi wawili wenye kalamu, wasio na ndugu kwenye mashindano. Adhabu itangazwe kabla injini hazijawashwa. Wale mnaohofia kwamba watapita kwenye nyasi watapita mara moja tu, wakirudishwa nyumbani bila pointi.

Jambo moja hamkuuliza. Kama kona zenu zina mwinamo, upande wa ndani ndio wa chini, na mvua za Machi hadi Mei zitakusanyika hapo hapo. Mtu akiwashauri kuinua tuta la udongo badala ya matairi, mkataeni. Tuta litageuza kona kuwa bwawa, na likikauka litakuwa ukuta.

SWALI: Mzee, mimi ni mwalimu Arua. Uwanja wetu wa riadha ni wa udongo, nao nimeupanga matofali upande wa ndani. Ni sawa?

JIBU: Mwalimu, tofali lisiloshikwa na saruji ni kifundo cha mguu kinachosubiri kuteguka. Kanuni za riadha zinataka ukingo wa sentimita 5 kwenda juu, na urefu wa njia ya kwanza hupimwa sentimita 30 kutoka hapo. Ukiondoa matofali ukabaki na mstari, pima sentimita 20, la sivyo mzunguko wako utakosea kwa sentimita 63 hivi. Juu ya mstari panga vibendera vidogo, vijiti vyake vikiinamia uwanjani, mbali na wakimbiaji.