Miguu chini ya goti: mafuta, nyama au maji?

Waalaykumu ssalaam mdogo wangu.

Nimesoma swali lako jana usiku nikacheka, si kwa kukudharau, nimejiona mwenyewe. Umesema umeshapungua kilo 9, uso umechongoka, kiuno kimeingia, lakini kuanzia goti kwenda chini miguu iko vile vile, na unauliza utaipunguzaje. Harusi yako ni Mfunguo Mosi, mara baada ya Ramadhani, na piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maua, litapanda mpaka karibu na goti, kwa hivyo si jambo la kufichwa na gauni la dira. Waliotangulia kukujibu, mmoja kakwambia ufunge nailoni ulale nayo, mwengine uchuchumae mara 200 kwa siku, wa tatu kakuonya usiruke kamba ati utapata miguu ya mcheza mpira. Nitawafikia. Kwanza yangu.

Mie ni mzaliwa wa Wete, Pemba, nimeshapita 40, naishi mjini Unguja, Michenzani ghorofa ya nne na nauza vitambaa Mlandege, yaani nasimama kutwa. Nilianza na kilo 94. Leo nina 76 na imenichukua miezi 14. Shavu la mguu, ambalo bibi yangu akiliita tafu, lilikuwa sentimita 43 palipo panene. Sasa ni 39 na nusu. Sikiliza hapa lakini: kilo 6 za mwanzo zilipoondoka, futi ya fundi nguo ilisogea nusu sentimita tu. Nililia. Nikenda kununua krimu ya kuyeyusha mafuta kwa shilingi 35,000 kutoka kwa mtu anayeuza kwa simu, nikaipaka na kuzungushia nailoni ile ile unayoambiwa. Asubuhi mguu ulikuwa mwembamba kidogo na mimi nikashangilia. Kufika adhuhuri umerudi, na vipele juu. Kilichotoka kilikuwa jasho. Nikinywa maji, kinarudi.

Tangu hapo nikajua swali ni hili: huo unene wa chini ya goti ni wa nini? Kuna mafuta, kuna nyama, kuna maji. Watu wengi tunavyo vyote vitatu, ila kimoja ndicho kinachotawala, na dawa ya kimoja haigusi chengine.

Anza na maji maana ndiyo rahisi kuyajua. Jioni, ukishatoka kazini, bonyeza kwa kidole gumba juu ya muundi, pale penye mfupa, uhesabu mpaka kumi kisha uachie. Kikibaki kishimo, hapo pana maji. Bonyeza tena asubuhi kabla hujatia mguu chini. Mie kishimo cha jioni kilikuwa kinaingia nusu ya ncha ya kidole, asubuhi hakuna kitu. Wewe mwenyewe umeandika kwamba soksi za kazini zinakuachia alama ya mzunguko, kwa hivyo nakushuku.

Hata hivyo sikujitibu kwa kubahatisha. Nilikwenda hospitali, nikapimwa presha na mkojo, daktari akanambia moyo na figo havina neno, ni kusimama. Damu hushuka miguuni kwa urahisi, kupanda juu ndiyo kazi, na kinachoisukuma ni hayo hayo mashavu ya miguu yakikaza na kuachia. Ukisimama kama nguzo nyuma ya kaunta kwa muda wa saa nane, pampu haifanyi kazi na maji yanajikusanya. Akanambia nisogee sogee, ninyanyue visigino nikiwa nimesimama, na nikirudi nyumbani nilale miguu ikiwa juu ya mito kwa nusu saa. Na akaniuliza nakula nini. Nikamwambia ukweli: mchuzi wa papa mkavu mara tatu kwa wiki, na achari kila wali. Akatikisa kichwa. Chumvi huyavuta maji na kuyakalisha mwilini. Nilipopunguza papa na achari, wiki mbili tu soksi zikaacha kunichora. Hiyo ilikuwa sentimita nzima, wala si mafuta hata chembe.

Mama yangu naye alivimba vifundo, nikadhani ni hayo hayo. Kumbe ni dawa ya presha aina ya amlodipini, wengine huwaletea hivyo. Daktari wake akambadilishia. Nakutajia ili usije ukamwachisha mtu dawa kwa mikono yako. Ni kwa daktari.

Na kwetu Pemba mguu ukivimba neno la mwanzo ni matende. Nilikuwa msichana vilipoanza kugawiwa vidonge nyumba kwa nyumba mwaka 2001, ivermektini na albendazoli, na wazee wenye miguu ile tulikuwa nao mitaani. Siku hizi ni nadra kuona mpya, lakini mguu mmoja ukiwa mkubwa kuliko mwenzake na ngozi inakuwa ngumu, usikae nao kwa haya. Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukauma, ukawa moto, hasa baada ya safari ndefu au kujifungua, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na usikubali mtu aukande. Huenda ni damu iliyoganda ndani, na ikisafiri kwenda mapafuni huua.

Kuna jengine ambalo wanawake wengi hawajaambiwa. Ikiwa miguu yote miwili ni minene sawasawa, unene unakatika kwenye kifundo kama suruali ya mpira na unyayo unabaki mdogo, ukibonyeza inauma, na inapata michubuko kwa kugusa tu, hiyo huitwa lipidema, maradhi ya mafuta kujikusanya miguuni. Mara nyingi imo katika familia, kwa mama au shangazi. Mtu anaweza kupungua kote na miguu ikagoma, akatukanwa kuwa anakula kwa kujificha. Ukiona dalili hizo, uliza daktari kabla hujajilaumu.

Haya, tuje kwenye nyama. Simama kwa vidole, kaza, kisha jibane kwa dole gumba na cha shahada. Kile kinachobanika na kucheza ni ngozi na mafuta. Kile kigumu chini yake ni msuli. Shangazi yangu kaolewa Paje, analima mwani tangu kilimo hicho kilipoingia huko 1989. Maji yakitoka anateremka kwenye mchanga laini mpaka kwenye vigingi vyake, anarudi na gunia limejaa maji ya chumvi. Mwanamke mwembamba kama ufito, lakini miguu yake chini ya goti ni kama chupa iliyopinduliwa. Hakuna mafuta pale. Akifunga njaa hatapata mguu mwembamba, atapata ugonjwa.

Na sisi tuliokuwa wanene tuna nyama pia, hilo ndilo lililonishangaza. Kilo 94 nilizipandisha ghorofa ya nne kila siku, mara nyengine na ndoo. Hayo yalikuwa mazoezi ya uzito bila mie kujua! Kadiri mwili unavyokuwa mwepesi, mguu unapunguziwa mzigo na nyama nayo inapungua taratibu. Kwa hivyo sehemu ya unene wako itaondoka yenyewe, baadaye, si leo. Ila mahali msuli unapoishia na urefu wa ile kano ya kisigino ni urithi. Wenye kano ndefu na msuli uliokaa juu huonekana na mguu mwembamba hata wakinenepa. Mie na dada zangu wote msuli umeshuka chini, kama bibi. Hapo hakuna zoezi, na aliyekuahidi mguu wa mtu mwengine kakudanganya.

Mafuta sasa. Mwili ndio unaochagua wapi pa kuanza kuyatoa, wewe huulizwi. Kufanyisha kazi mguu hakuchomi mafuta ya mguu ule, kama vile kutafuna hakupunguzi mashavu ya uso. Sisi wanawake homoni zetu huyapeleka nyongani, mapajani na miguuni, na kwa wengi huko ndiko yanakoondoka mwisho. Kwa hivyo kilo 9 zimetoka palipo rahisi. Zilizobaki zinatoka jikoni, tena kwa mwendo wa nusu kilo mpaka kilo 1 kwa wiki, si zaidi, la sivyo unapoteza nyama na ngozi inalegea.

Sikuacha wali wa nazi, mie si wa kuishi kwa majani. Nilipunguza tui zito, sahani ikawa nusu mboga: mchicha, bamia, mabiringani. Samaki wa kuchoma kwa ndimu kila siku, na choroko au kunde zisizo na nazi nyingi, kwa sababu bila ya hivyo msuli haupati cha kujijengea. Chai nilikuwa nainywa vikombe vitatu na vijiko vitatu vya sukari kila kimoja. Hivyo ni vijiko 9, karibu kalori 150 za bure. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kukaangia ni karibu kalori 120, sasa piga hesabu ya sahani ya bajia na kachori. Urojo nauacha mpaka Ijumaa, nao nausubiri kwa hamu kuliko mshahara.

Kwako wewe Ramadhani ndiyo itakayoamua. Harusi ni Mfunguo Mosi, ina maana mwezi wa mwisho wa kujitayarisha ni wa futari. Mie Ramadhani ya kwanza niliongeza kilo 3 na huku nafunga! Mhogo wa nazi, majimbi, tambi za sukari, sambusa, kisha kaimati zinazoogelea kwenye shira, na bado daku. Ya pili nilifungua kwa tende na maji, nikasali, nikala sahani moja, kaimati mbili, basi. Baada ya tarawehe natembea. Sikupungua sana mwezi ule, lakini sikuongeza, na kwa Ramadhani hilo ni ushindi.

Mazoezi ya miguu yanakupa umbo, yaani mguu unakaza na mstari unaonekana pale mafuta yanapopungua. Kutembea ndiko kulikonifaa zaidi ya vyote. Baada ya Alfajiri natoka na baibui langu na raba, Michenzani, Mnazi Mmoja, mpaka Forodhani na kurudi, mwendo wa mtu anayekimbilia boti. Utakutana na vile vikundi vya mazoezi vinavyoimba barabarani; jiunge ukitaka, siku ya 1 Januari hukutana pamoja ikawa kama sikukuu. Mie nawaonea haya kuimba.

Halafu ngazi. Simama ukingoni mwa ngazi kwa nusu ya mbele ya unyayo, shika ukuta, panda juu ya vidole taratibu, kaa kidogo, shuka kwa kuhesabu mpaka tatu. Mara 12 hadi 15, pumzika, urudie mizunguko mitatu, siku tatu kwa wiki. Goti likiwa limenyooka unafanya kazi msuli ule mkubwa wa juu unaoonekana. Ukikaa kitini goti likakunjwa, unafanya kazi ule bapa wa ndani. Mie naweka dumu la lita 5 lenye maji juu ya kila goti. Kisha egemea ukuta, nyanyua vidole visigino vikiwa chini, huo ni wa mbele ya muundi, watu huusahau. Ukimaliza, jinyooshe: mguu mmoja nyuma, kisigino chini, sukuma ukuta nusu dakika.

Usifanye kama nilivyofanya. Mwezi wa pili nikaona ngazi zinanifaa, nikapanda ghorofa nne mara kumi kila siku, na malapa. Wiki ya tatu kila nikiamka hatua ya kwanza ni kama nimekanyaga msumari, chini ya kisigino. Wiki sita nilichechemea. Kilichonisaidia ni kupumzika, kujinyoosha, kuviringisha unyayo juu ya chupa ya maji yaliyoganda, na kuacha kutembea peku juu ya vigae.

Sasa wale wenzetu. Nailoni nimeshaisema. Kuchuchumaa ni zuri kwa mapaja na makalio, chini ya goti halina kazi kubwa, na 200 siku ya kwanza ni kujitafutia magoti. Kamba: ruka, ikiwa magoti hayakuumi. Msuli haukui kwa kuruka dakika kumi; siku za mwanzo unajaa kidogo kwa uchovu, futi ikipanda usitishike. Pima mara moja kwa wiki mbili, asubuhi, pale pale, maana mguu wa jioni si mguu wa asubuhi.

Kwa muda ulionao sikuahidi sentimita tatu. Moja na kidogo, hasa ya maji, inawezekana. Na kwa hivyo mwambie mchoraji wa piko aje asubuhi, usiwe umeshinda kutwa umesimama na wageni. Wiki ile papa mkavu asiingie nyumbani, hata shangazi akija naye kutoka shamba. Piko likishakauka na ukaambiwa usitembee, waombe wakuwekee mito mitatu chini ya miguu. Watadhani unadeka, na siku ile una haki ya kudeka.