Taa ziling'arishwa, baada ya miezi miwili ukungu umerudi

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Toyota IST ya mwaka 2004. Nakaa Tabata na gari inalala nje, haina kivuli. Vioo vya taa za mbele vimekuwa vya njano, usiku sioni vizuri, hasa mvua ikinyesha. Kijana anayeniosha gari alizisugua kwa dawa ya meno zikang'aa, ila baada ya miezi miwili ukungu ukarudi, tena naona umezidi. Ninunue taa nyingine, au nifunge tu balbu zenye mwanga mkali?

JIBU: Nzuri, dada. Habari ya balbu iache kwanza. Kioo chenye ukungu hutawanya mwanga, kwa hiyo balbu kali haitakuonyesha mbali, itamuumiza macho tu anayekuja mbele yako.

Hicho tunachokiita kioo ni plastiki iitwayo polikaboneti. Kokoto haziipasui kirahisi, lakini jua hailiwezi. Ndiyo maana kiwandani huwa wanaipaka utando mwembamba wa kuzuia miale ya jua. Gari ikianikwa Dar mwaka hadi mwaka, utando unachoka na kubanduka vipandevipande, kisha plastiki yenyewe inaanza kuwa njano. Dawa ya meno ina chembe za kusugua, basi. Imeondoa ukungu pamoja na utando uliokuwa umesalia, plastiki ikabaki uchi juani. Na wapo wanaopuliza dawa ya mbu au kupangusa kwa petroli. Hao wanaharibu kabisa, maana plastiki inayeyuka juujuu, inang'aa siku chache, halafu inaingia nyufa ndogondogo.

Kabla hujatoa hela, lowesha kioo kwa maji. Kikionekana safi kikiwa kibichi, tatizo liko nje na linatengenezeka. Ukiona matone ya maji kwa ndani, au kile kisahani cha ndani kinachorudisha mwanga kimeungua na kupoteza ung'avu wake, msasa hautasaidia. Hapo ndipo uende Gerezani, kule kwenye maduka ya vipuri vya magari, kutafuta taa. Mimi ningechukua ya mtumba ambayo kioo chake bado ni kisafi kuliko mpya ya bei ya kutupa.

Zako, kwa maelezo yako, nadhani zinafaa kutengenezwa. Fundi azibe kwanza boneti, bampa na mashavu kwa selotepu ya karatasi. Aanze na msasa wa maji namba 800, maji yasikauke. Mwanzoni utaona uji wa njano ukishuka: huo ni utando wa zamani. Asihamie namba nyingine mpaka uji uwe mweupe na kioo kizima kiwe na ukungu wa aina moja. Mafundi wenye haraka huteleza hapa; wakiacha mabaki ya utando pembeni, mstari wake utaonekana daima. Kisha namba 1000, halafu 1500, kila namba ikifuta mikwaruzo ya iliyotangulia.

Sasa msikilize anachosema. Akikwambia kinachofuata ni polishi tu, kazi hiyo ni ya dawa ya meno kwa bei kubwa zaidi. Kinachotakiwa ni klia ya gari (rangi angavu ya juu), ile inayochanganywa na hadna, dawa ya kuigandisha, tena iwe inayohimili jua. Na isipakwe juu ya kioo kilichokwisha kung'arishwa, kwa sababu haitashika, itabanduka. Kioo kibaki na mikwaruzo midogo ya msasa, kifutwe kwa spiriti (si tina) kikauke, ndipo apulize mkono (tabaka) wa kwanza mwepesi sana, asubiri kidogo, kisha mikono miwili iliyojaa. Mikwaruzo yote inamezwa na klia. Fundi avae barakoa ya rangi yenye vichujio, kwani hadna hiyo ni hatari kwa mapafu. Kitambaa puani hakitoshi. Kazi ifanyike mahali pasipo vumbi, na isiwe siku ya mvua.

Akimaliza, usiioshe gari hadi kesho yake, na kwa wiki ya kwanza mwambie kijana wako asitumie sabuni kali wala brashi kwenye taa. Ikiwezekana tafuta turubai la kufunika upande wa mbele mchana.