Jasho la kwapa: anza na dawa ya kupaka usiku

Dada wa soko la Owino, Kampala, uliyesema blauzi inalowa kabla ya saa nne na limau halijasaidia: acha limau, linachubua ngozi. Halafu soma kichupa chako cha dawa ya kwapa vizuri. Vingi huondoa harufu tu, jasho linabaki palepale. Nenda duka la dawa, ulizia ile yenye aluminiamu kloraidi, kemikali ya kuzuia jasho, mara nyingi huwa ya asilimia 20. Ipake usiku, kwapa likiwa kavu kabisa, uoshe asubuhi. Ukiipaka umetoka tu kuoga au kunyoa itakuwasha vibaya, na wengi huiachia hapo. Kila usiku kwa wiki moja hivi, kisha upunguze.

Ikishindikana, muone daktari wa ngozi, hospitali ya Mulago wapo. Kuna sindano za botoksi, hukausha kwapa kwa miezi kadhaa, ila ni ghali. Vidonge vya kupunguza jasho, oksibutinini, vipo pia, lakini hukausha hadi mdomo. Upasuaji wa neva za jasho uwe wa mwisho kabisa, maana jasho laweza kuhamia mgongoni.

Na kama unalowa usingizini, unakonda au unakohoa, tafadhali kapime kifua kikuu na tezi ya shingo kwanza.